Unyoya wa Mtasema

Mkonze, Dodoma
5 Mei 2024

Baba mdogo Obedi,

Shikamoo. Na mama mdogo Emilia naye shikamoo yake, umpe leo hii hii, usiiweke mfukoni hadi Jumapili. Sisi hapa Mkonze wazima. Mama mguu unamsumbua asubuhi, lakini jua likipanda anausahau na kushinda bustanini akigombana na kuku wa jirani. Amesema nikuambie karanga zilifika na zimeisha.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu nimepiga simu mara mbili na mara zote umenijibu jambo ambalo sikukuuliza. Najua ni masikio. Miaka yote ile ya kusimama kando ya injini pale stesheni ya Gulwe lazima ingechukua kitu. Kwa hiyo nitakuwa natia barua ndani ya kifurushi cha vifaa na kumkabidhi konda wa basi, na wewe utie yako unaponirudishia.

Siku ya Pasaka uliniuliza mbele ya watu wote mezani inakuwaje msichana aliyesomeshwa kwa jasho la ukoo anaishia kuokota mavi ya fisi. Watu walicheka, nikashindwa kujibu. Sasa najibu. Kinyesi kikitoka tumboni kinabeba vipande vidogo sana vya mwili wa mnyama mwenyewe, na ndani ya vipande hivyo mna vinasaba, alama alizozaliwa nazo. Hakuna fisi wawili wenye alama zinazofanana, labda wawe mapacha wa yai moja. Tukiosha na kusoma vizuri tunajua huyu ni jike, huyu ni dume, huyu ndiye yule wa mwezi jana, huyu ni mwanawe. Hatumtegi, hatumpigi sindano ya usingizi, hata hajui kama tumepita. Hivyo tunaweza kuwahesabu fisi wa milima yenu bila kumsumbua mtu wala mnyama. Vile ulivyotuokotea mwezi wa tatu vimefika salama na vingi vimesomeka. Ahsante sana, baba. Nimeweka vichupa vingine na glovu mpya.

Mtasema hajambo? Nilipokuja mara ya mwisho mbwa yule alikuwa bado analala mlangoni kwa Jordan. Ni mwaka wa pili sasa tangu mto umchukue mwanao, ndugu yangu, na namba yake bado imo kwenye simu yangu.

Mwanao,
Raheli


Gulwe
26 Mei 2024

Mama yangu Raheli,

Marahaba. Nakuita mama kwa sababu una jina la mama yangu na sasa una maneno yake pia. Salamu zako nilimpa Emilia siku hiyo hiyo. Amefurahi. Mtama wetu si haba mwaka huu, ndege wametuachia.

Kinyesi nimekitia kwenye vichupa kama ulivyosema, kile cheupe cha mifupa nimekiacha kwa kuwa kimekauka mno. Mtasema hajambo. Bado analala pale pale. Zamani alikuwa anarudi na Jordan kutoka machungani amechoka hata kula hawezi. Siku hizi mbuzi nimebakiza wachache, wanalisha hapa karibu, hana la kufanya, anazurura.

Sasa kuna jambo. Mbuzi wanauawa. Erica, yule mjane wa karibu na kisima, ndiye aliyeumia zaidi. Wanakutwa asubuhi wameng'atwa shingoni na mapajani, na nyayo za fisi zipo hapo hapo. Watu wamechoka. Seth, mwenyekiti wetu wa kitongoji, amesema ikizidi wataweka sumu kwenye mzoga na kuutupa korongoni. Mimi nikasimama nikasema ngojeni kwanza, nina binti anayewajua fisi kwa majina. Wamecheka, lakini wamekubali kungoja.

Je, mtu anaweza kujua nani aliyeng'ata?

Baba yako mdogo,
Obedi Ndahani


Mkonze, Dodoma
3 Juni 2024

Baba mdogo,

Shikamoo. Mama anawasalimu, na ameomba msamaha kwamba hajaandika mwenyewe, anasema mwandiko wake ni wa kanisani tu.

Ndiyo, mtu anaweza kujua. Anayeng'ata anaacha mate, na mate yana alama zile zile. Nimeweka vijiti vya pamba. Mbuzi akikutwa ameuawa, uwahi kabla hajachunwa. Lowesha pamba kwa tone la maji safi niliyokuwekea, sugua taratibu kuzunguka matundu ya meno, hasa mahali ambapo damu si nyingi. Kisha acha ikauke kivulini na utie kwenye bahasha ya karatasi. Usitie kwenye plastiki, itaota ukungu. Andika tarehe na mwenye mbuzi. Nyayo zisikupe uhakika, maana fisi hufuata harufu hata kama hakuua yeye. Anakuja kula mabaki.

Na hiyo sumu, baba, wazuie kwa nguvu zako zote. Mzoga wenye sumu hauchagui. Atakufa fisi, watakufa tai, watakufa mbwa wa watu, na watoto wanaochunga huko korongoni wanaokota kila kitu. Waambie wanipe muda.

Raheli


Gulwe
19 Juni 2024

Mama yangu Raheli,

Marahaba, na shemeji mwambie mguu ausugue na mafuta ya mnyonyo.

Bahasha nne hizo. Tatu ni mbuzi wa Erica, moja ni ya Seth mwenyewe. Nilifika kwa Erica jua linachomoza, nikapiga magoti kwenye zizi lake na kijiti changu. Akasimama juu yangu ameshika kiuno.

"Hiyo pamba itamfufua?"

"Haitamfufua. Itamtaja aliyemuua."

"Aliyemuua anajulikana, Obedi. Ni fisi. Mwekeeni sumu tulale."

Nilishangaa kidogo. Erica ni mwanamke mpole, haachi kwaya hata mvua inyeshe, na kwa jambo hili amekuwa mkali kuliko wanaume. Kwenye mkutano nimewaambia hivi: majibu yakija kwamba ni fisi, mimi sitasema neno tena, na sumu wataweka. Kwa hiyo nimetoa neno langu. Fanya upesi.

Emilia anauliza kama unakula vizuri.

Obedi


Gulwe
21 Julai 2024

Raheli, mama,

U mzima? Sijapata barua. Watu wananiuliza nikitoka kanisani. Nawaambia maabara ni kama treni, ina ratiba yake. Nikisema zaidi ya hapo nitakuwa natunga.

Obedi


Mkonze, Dodoma
11 Agosti 2024

Baba mdogo,

Shikamoo. Naomba radhi kwa ukimya. Barua zako zote mbili ninazo hapa mezani. Mama anaendelea vizuri, mafuta ya mnyonyo yamemsaidia, au anasema hivyo ili usikasirike. Zabibu za jirani zimeiva na tumepewa kapu. Nilikuwa nje ya mji kwa siku kadhaa tukiokota vinyesi upande wa Manyoni, upepo wa huko umenipasua midomo. Ninakula vizuri, mwambie mama mdogo.

Majibu yalitoka mapema kidogo kuliko barua hii. Niliyarudia kuyapima, kisha nikayarudia tena.

Si fisi. Katika bahasha nne, moja haikusomeka, nadhani ilikuwa na damu nyingi ya mbuzi. Tatu zilizobaki ni mate ya mbwa. Na zote tatu ni mbwa mmoja, dume.

Fisi walipita baadaye kula, ndiyo maana mliona nyayo zao.

Siwezi kujua ni mbwa wa nani bila kuwa na alama za mbwa wenyewe za kulinganisha. Kama watu watakubali, ng'oa unyoya kidogo kwa kila mbwa dume aliye karibu. Ung'olewe, usikatwe, kwa sababu tunachokihitaji ni ile mizizi. Kila mmoja na bahasha yake. Hakuna haja ya kumtisha mtu yeyote.

Baba, sijamwambia mtu mwingine. Fanya haraka au fanya polepole, mimi nipo.

Raheli


Gulwe
1 Septemba 2024

Raheli,

Marahaba. Mavuno tumemaliza, ghala limejaa hadi kwenye mlango. Sikukuu ya mavuno itakuwa mwezi wa kumi, kwaya inafanya mazoezi kila jioni na mimi nawasikia wale wa besi tu. Treni mpya inapita mbali kidogo na nyumba yetu, haina moshi wala makelele. Sijui wafanyakazi wake watazeeka na ugonjwa gani.

Kijiji kiliposikia ni mbwa, wengine waliona haya, wengine walikataa. Erica alisema mashine zinakosea. Seth amesema tumalize jambo, kila mwenye dume alete. Nimetuma bahasha kumi na moja, majina ya wenye mbwa nimeandika juu.

Kazi njema.

Obedi


Mkonze, Dodoma
24 Septemba 2024

Baba mdogo,

Shikamoo kwako na kwa mama mdogo. Bahasha kumi na moja zilifika, mwandiko wako ni mzuri kuliko wa wanafunzi wenzangu.

Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyelingana. Wote ni mbwa wema. Unaweza kuwaambia wenyewe.

Leo mama alikuwa anasimulia siku Jordan aliporudi na mtoto wa mbwa kutoka mnadani Mpwapwa. Alitumwa jembe, akarudi na mbwa ndani ya koti. Ulipofoka akasema, "Baba, jembe halibweki." Mama alicheka hadi akashika mguu. Mimi nakumbuka alivyompa jina. Watu walikuwa wakisema hatafika popote na mbuzi wale wanne, naye akasema basi huyu ataitwa Mtasema.

Sikuulizi kitu, baba. Nimeandika tu kwa sababu tulimkumbuka.

Mwanao,
Raheli


Gulwe
9 Oktoba 2024

Mama yangu Raheli,

Ndani ya barua hii kuna bahasha ya kumi na mbili. Haina jina juu, lakini unalijua.

Nitakuambia ilivyokuwa. Barua yako ya Agosti iliposema mbwa dume mmoja, niliinuka nikaenda kumtazama. Alikuwa amelala mlangoni pake. Aliamka, akatikisa mkia, akalala tena. Nikajiambia mbwa wako wengi Gulwe. Siku ya kupanga bahasha mezani, mama yako mdogo alizihesabu, akaniuliza, "Na wa kwetu?" Nikajifanya sikusikia. Haya masikio yana faida zake. Hakuuliza tena, na tangu siku hiyo tukawa tunaishi kama watu walioazimana nyumba.

Juzi Seth alinionyesha chupa. Ni dawa ya wadudu, imeshanunuliwa. Anasema kama mbwa wote kumi na moja hawamo, basi maabara imeshindwa, na baada ya sikukuu ya mavuno wataiweka korongoni. Nilimjibu vizuri tu, nikaenda nyumbani nikakaa. Wajukuu wa Seth mwenyewe wanachunga huko. Nilimwambia Emilia habari ya chupa. Alitoka, akarudi ameshika unyoya kati ya vidole viwili.

"Hakulia," akasema. "Alinilamba mkono."

Kwa hiyo si mimi niliyeung'oa. Nataka ujue hilo, usije ukanisifu.

Nimemfunga kwa kamba tangu jana. Analia, na huyo namsikia.

Obedi


Mkonze, Dodoma
20 Oktoba 2024

Baba yangu,

Shikamoo. Ni yeye.

Nilipima mara mbili, na mwenzangu ambaye hajui ni mbwa wa nani akapima mara ya tatu. Kila alama tuliyoweza kuisoma kwenye mate ya wale mbuzi imelingana na unyoya wa Mtasema. Ningepata namna ya kukuambia laini zaidi ningeitumia, lakini wewe ulinifundisha kwamba ishara ya reli haina "labda".

Sidhani ni mbwa mbaya. Alizoezwa kutembea na mbuzi kutwa nzima na mtu mmoja, mtu huyo akaondoka, mbuzi wakapungua, akabaki na nguvu zake bila kazi. Hili silipimi maabara, ni fikira zangu tu.

Majibu haya hayajaandikwa popote kwa jina lenu. Ni yako uyaseme au usiyaseme. Lakini chupa ya Seth inaniogopesha, na nadhani hata wewe.

Sasa nikuambie jambo ambalo nimelificha muda mrefu, maana limefika mahali linaweza kusaidia. Kuna mtu anaitwa Masudi. Ni Mrangi wa Kondoa, ana karakana Kizota, anachomelea mageti na madirisha. Tunafahamiana mwaka na nusu. Ni Mwislamu, na ndiyo sababu sikuwa nimewaambia. Nilikuwa naogopa uso wako na uso wa mama mdogo, kisha nikaona watu wanaoogopana nyuso wanavyoishia, nikaamua kusema. Mama amekutana naye, amesema ana mikono ya mtu wa kazi.

Nilimweleza habari ya Mtasema bila kumwomba kitu. Aliendelea na geti lake. Kesho yake akaja akasema, "Vyuma vyangu vinaibwa kila wiki. Nimemuuliza shehe wetu, mbwa wa ulinzi si tatizo. Atakuwa na bakuli lake na banda lake, na mimi nitakuwa na maji yangu ya kunawa. Mwambie baba yako nitamfuata mwenyewe." Ukuta wa karakana ni mrefu na mbuzi hakuna.

Mtafikiri wenyewe. Mama anawasalimu sana. Amelia kidogo, lakini amekula.

Raheli


Gulwe
17 Novemba 2024

Mama yangu Raheli,

Marahaba. Nakuandikia barua ndefu kuliko kawaida yangu, mkono utachoka, utavumilia mwandiko.

Mkutano ulifanyika darasani, Jumamosi ya wiki iliyopita baada ya mnada; Seth nilikuwa nimemwomba asiifungue chupa kabla yake. Nilimwomba Emilia abaki nyumbani, akavaa khanga zake akaja. Seth akasema, "Mzee Ndahani ana majibu ya Dodoma." Nikasimama. Nilikuwa nimejiandaa kuanza mbali, na mate na pamba na vinasaba. Nikatazama watu nikaona hakuna haja.

"Ni mbwa wangu," nikasema. "Ni Mtasema. Mbuzi wote nitalipa kwa mbuzi, kila mtu aje zizini kwangu achague. Sumu hiyo imwageni."

Kisha Erica, aliyekuwa amekaa mbele, akainuka akanisogelea ili nimsikie.

"Tangu lini unajua?"

"Kujua kwa hakika, mwezi uliopita. Kuogopa, tangu Agosti."

"Mimi tangu Mei," akasema. "Nilimwona akitoka zizini kwangu, mdomo umelowa damu. Nikasema moyoni, nitaendaje kwa Emilia na maneno ya mbwa wa Jordan? Mama hajamzika mwanawe kwa macho, maana mto haukumrudisha, amebaki na mbwa. Nikasema bora tuseme fisi. Wakiweka sumu, mbwa ataila, atakufa kama wanavyokufa mbwa, na hakuna atakayelazimika kumwambia mtu kitu."

Raheli, nilikaa chini. Miezi yote hiyo nilimwona mwanamke mwenye hasira na mbuzi wake. Kumbe alikuwa anatafuta njia ya kutuficha. Na njia yenyewe ingeweza kuua watoto wa watu. Aliujua upande mmoja wa jambo, mimi nikajua wa pili, na kila mmoja alikuwa anamlinda Emilia, na Emilia amekaa pale nyuma anatusikiliza.

Akaja mbele. Hakunitazama mimi. Akamwambia Erica, "Ungekuja tu. Ningekupikia uji tukalia tukamaliza."

Wakashikana pale mbele ya ubao. Sijawahi kumwona mama yako mdogo akilia namna ile, hata mwaka ule wa mto. Seth aliwatoa watu nje, akabaki mlangoni na kofia mkononi.

Wengine walitaka mbwa auawe siku hiyo hiyo. Seth akaniuliza nasemaje. Nikasema anaondoka kijijini kabla ya Jumapili ijayo, na kama hajaondoka nitamleta mwenyewe. Wakakubali. Erica alikuja zizini kesho yake na kuchagua, na alichagua vizuri, yule anajua mbuzi.

Huyo Masudi wako alifika juzi Ijumaa baada ya swala na kirikuu chake, kile kigari kidogo cha mizigo. Nilikuwa nimeweka uso wangu ule unaouogopa. Akanisalimu shikamoo, na nilipomjibu akafanya jambo ambalo wanangu wa kanisani hawalifanyi. Alikuja akakaa upande wa mwanga, akanigeuzia uso, na akawa anasema polepole ili nimsome midomo. Hakupiga kelele. Watu wakijua huna masikio wanakupigia kelele kama umewakosea.

Nikamuuliza, "Umemwacha nani karakana?"

"Nimefunga, baba. Kazi ya leo ni hii."

Mtasema alikataa kupanda gari. Tulivuta, tukambembeleza na mfupa, akatandaza miguu minne chini. Emilia akaingia chumbani kwa Jordan. Mlango ule hakuwa ameufungua tangu mwaka ule wa mto. Alitoka na koti lile lile la mnadani, akalitandika ndani ya gari, akapanda yeye mwenyewe akaketi juu ya bati na kumwita. Akapanda. Akajikunja juu ya koti. Emilia akakaa naye kidogo, kisha akashuka, na Masudi akafunga nyuma taratibu bila kubamiza.

Kabla hajaondoka aliomba maji akanawa mikono hadi kwenye viwiko, akanipa mkono. Nimemwambia chakula kipo. Amekula ugali na mlenda, ameomba kuongezwa. Emilia amemwongeza bila kuniuliza mimi.

Obedi


Mkonze, Dodoma
15 Desemba 2024

Baba mdogo na mama mdogo,

Shikamoo zenu wote wawili. Barua yako nimemsomea mama mara mbili. Mara ya pili aliniomba niruke pale kwa Emilia na Erica, kisha akaniambia nirudi nisome.

Mtasema siku za mwanzo hakula. Masudi alikuwa anakaa karibu na banda wakati wa chakula, hamgusi, anakula tu na yeye. Siku ya nne alikula. Sasa mafundi wanasema hata wao wakichelewa kufika anawabwekea. Vyuma havijaibwa tena.

Hesabu ya fisi wa upande wenu imekamilika. Ni ukoo mmoja, unaongozwa na jike mzee ambaye kinyesi chake wewe mwenyewe ulikiokota mara tatu bila kujua ni yule yule. Ana watoto wawili wa mwaka huu. Ile chupa ingefunguliwa, ukoo wote ungekwisha, maana huja kula pamoja. Ripoti inawashukuru watu wa kitongoji chenu, sikuandika jina la mtu.

Masudi anataka kuleta wazee wake kutoka Kondoa waje kuposa. Amesema hawezi kupanga lolote nami mpaka wewe useme. Kwa kuwa baba yangu hayupo, mlango ni wako. Najua kuna maswali ya dini na ya wazee wa kanisa. Sina majibu yote. Yeye hajaniomba nibadilike, nami sijamwomba.

Nawasubiri.

Raheli


Gulwe
2 Februari 2025

Mama yangu Raheli,

Marahaba. Mvua ni nzuri, mtama umefika magotini. Erica na Emilia wanapalilia pamoja, leo kwetu kesho kwake, na mchana wanakaa kivulini wanasema mambo ambayo nikikaribia wanayaacha.

Wiki iliyopita nilikuja Dodoma kuangalia mambo ya pensheni, nikarudi bila kupita Mkonze. Usinikasirikie. Sikutaka mtu aniangalie. Nilikwenda Kizota peke yangu, nikiuliza njia kwa mafundi hadi nikafika. Masudi alikuwa na kofia ya chuma usoni, cheche zinaruka, hakuniona. Mbwa ndiye aliyeniona.

Alikuwa amelala ndani ya geti. Aliinuka akanijia, akaninusa viatu, suruali, mikono yote miwili. Kisha akaniegemea na uzito wake wote kwenye mguu, kama alivyokuwa anamwegemea Jordan wakirudi machungani. Nikamshika kichwa. Nilikuwa nimejiambia nitamwomba Masudi nirudi naye, kwamba watu wameshasahau, kwamba nitamfunga. Nilikuja nayo hayo maneno njia nzima.

Akaja mtu na mkokoteni wa vyuma. Mtasema akaniacha pale pale, akaenda getini, akasimama mbele ya mkokoteni na kumtazama yule mtu juu mpaka chini. Fundi mmoja akasema, "Mwache, ni wa kwetu." Akampisha. Kisha hakurudi kwangu. Akalala getini, uso nje, masikio yamesimama.

Nikasalimiana na Masudi, nikanywa chai yake, nikaondoka. Mbwa alinitazama nikipita. Alitikisa mkia, lakini hakuinuka.

Nilipofika nyumbani Emilia alikuwa mlangoni.

"Yukoje?"

"Ana kazi," nikamwambia.

Akaingia chumbani kwa Jordan kufungua dirisha. Anasema panahitaji hewa, wageni wa Kondoa watalala wapi.

Baba yako mdogo,
Obedi